Limbuko la Mzambarau wa Chirau

Mwaka ni elfu mbili na ishirini na tano, mwezi wa Februari, tarehe ishirini na tatu, Jumapili. Kaskazi imelegea, joto limeufunika Mji wa Kale kama kifuniko cha chungu, na kwa dirisha hili la ghorofani hapaingii hata upepo wa kutikisa pazia. Nayataja haya ili kesho mtu asiseme kwamba Thoya wa Kombe aliusia akiwa hajui siku wala saa. Sikilizeni, wanangu, Kahindi na Kanze: daktari amenirudisha nyumbani kwa kuwa hana la kuongeza, mama yenu Dama yuko kanisani, na nitakayoyasema sitaki ayasikie kabla yenu.

Nyumba hii ya mawe ni ya Dama maadamu yu hai, wala asitokee wa kumwambia asogee hata chumba kimoja. Baada yake ni yenu sawasawa, na Kahindi usidai zaidi kwa kuwa ndiwe mwanamume. Vitabu vyangu vya takwimu vipelekeni kwa atakayevisoma, si kwa atakayevichana afungie maandazi. Kiti changu cha hapo dirishani nacho kina neno lake, na ndilo linaloniuma: asikikalie Chirau.

Kanze, usifiche mdomo kwa leso, nakuona unacheka. Nyinyi mnamjua Chirau kuwa mzee mcheshi anayepanda ngazi zetu kila msimu na kikapu cha zambarau, akibisha hodi na kuniita shemeji, kana kwamba Dama ni dada yake wa tumbo moja. Kwa nini analeta hamkuuliza, nami sikuwaambia.

Kabla yangu, Dama aliposwa na Chirau. Babu yenu Mzee Menza, kule Kaloleni, alikwisha kupokea mbuzi, nguo na tembo la mnazi, na Chirau, kama alivyotakiwa mkwe mtarajiwa, akapanda mti katika shamba la ukweni; akachagua mzambarau. Ndipo nilipotokea mimi na shahada yangu ya chuo kikuu na kazi yangu bandarini, na Dama akanichagua kwa hiari yake, hilo nalo mlishike. Nikairejesha mahari ya watu kitu kwa kitu, hata kibuyu cha tembo, nikijiona mtu wa hesabu safi. Mti nikausahau. Siku wazee walipoketi kunikubali, Chirau akainuka, akauliza kwa adabu ya kuchoma, "Na mzambarau wangu, ndugu msomi ataurejeshaje? Ataung'oa au ataufundisha kutembea?" Watu wakacheka wakashika mbavu. Wazee wakakata shauri kwamba mti hauna marejesho: aliyeupanda atachuma maadamu anaishi, na limbuko la kila msimu, kwa kuwa mti ulipandwa kwa ajili ya binti, litapelekwa kwa binti.

Naye akalipeleka, mwaka hata mwaka, mlipozaliwa, mlipoolewa na kuoa, hata siku za mvua. "Shemeji, hata moja?" "Sili kitu kinachochafua ulimi." "Haya, shemeji, wako utafika kaburini msafi kama sahani ya wageni!" Dama alikuwa akicheka, na alipocheka niliuona ulimi wake umeiva rangi ya zambarau, na rangi ile, wanangu, niliiona kama muhuri wa mtu mwingine nyumbani mwangu. Nanyi mlikula, mkanitolea ndimi zenu mkishindana ni wa nani umekoza zaidi. Mimi sikula hata moja. Waliosema moyo ni kichaka walinijua.

Miaka minne iliyopita, nilipoanza kukatika pumzi kwenye ngazi na kumwita Kahindi kwa jina la marehemu kaka yangu, daktari alinieleza vizuri. Alisema kwamba mishipa inayoulisha moyo ni ya aina moja na ile inayoulisha ubongo, ikikakamaa huku hukakamaa na kule. Kwamba nipunguze chumvi na mafuta, nitembee, nimeze dawa bila kukosa. Na kwamba matunda madogo ya rangi iliyokoza yana kitu katika rangi hiyohiyo kinachoisaidia mishipa isikakamae upesi, na huenda yakachelewesha usahaulifu wa uzee. Hakuniahidi uzima, wala hakusema tunda ni badala ya dawa. Akanionyesha picha ya bluberi, kisha akacheka: "Lakini wewe, Mzee Thoya, mtu wa Kaloleni, ununue ya nini? Zambarau si zina rangi hiyohiyo?" Nikamjibu kwamba zambarau hazipatikani kwetu. Kikapu kilikuwa mezani nyumbani.

Nikawa naenda dukani kununua bluberi za kijisanduku cha plastiki, zilizopanda ndege, baridi kama vifungo vya shati na ladha kama ya vifungo hivyohivyo. Msimu wa zambarau ulipofika, nilikaa kwenye kiti kile nikila changu kwa uma, nanyi mkila cha Chirau kwa mikono. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nami nilikuwa na fimbo ukutani, nikaagiza ya ng'ambo.

Tazameni basi. Chirau ananizidi miaka miwili. Anatoka kwa bintiye, kule Kizingo, kwa miguu mpaka hapa, anapanda ngazi bila kupumzika, na juzi alipokuja aliketi hapo akamkumbusha Dama gauni alilovaa siku ya posa, la manjano, lenye vifungo vyeupe mgongoni. Dama akasema, "Ehe! Wewe bado wakumbuka?" Nami sikumbuki gauni la harusi yangu mwenyewe! Huenda ni zambarau, huenda ni damu ya kwao. Mtu mmoja si takwimu, hilo nilifundishwa nami nalikubali. Lakini aliyebaki na gauni la mke wangu kichwani ni yeye, si mimi. Na sasa hivi, nina hakika, anamshika mkono kwenye ngazi za kanisa.

Nilikusudia kuwausia mkaukate mti ule siku ya kuzikwa kwangu. Mwenye shoka nilikwisha kumpata. Usishtuke, Kahindi... nipe maji kwanza.

Babu yenu Kombe alianguka akafa kwa maradhi ya moyo, mimi huyu mnaniona, na damu yenu ni hiyohiyo. Nikiukata mti, nani nitakuwa nimemkomoa? Kanze, lete bakuli. Ndiyo, lile la Chirau. Moja tu. Iliyoiva sana. Niwekee mdomoni.

...

Tamu. Kisha inakaza ulimi, kisha tamu tena. Enyi watoto, mlikuwa mkila hivi miaka yote, mkaniacha na uma wangu! Hapana. Niliyejiacha ni mimi.

Msiukate. Kuleni, muwape na watoto wenu, na dawa za presha mmeze vilevile. Chirau aendelee kuchuma, na limbuko liwe la mama yenu. Lakini alipokee Kanze mlangoni. Akiingia... haya, aingie, akae kwenye mkeka. Kiti, hapana.

Kokwa hii, ichukue, Kahindi. Ioteshe penye kaburi langu, upande wa kichwani. Nami niwe na mti. Siku moja Dama ale zangu.

Pumzi... karibuni zaidi. Mungu awape mioyo mipana kuliko wangu, awaachie akili zenu mpaka mwisho, mkumbuke nguo za mnaowapenda. Mkiniosha, ulimi msiufute. Nasikia ngazi. Ni hatua za watu wawili. Mwacheni Dama atangulie, auone.

Na zile bluberi, Kahindi, usije ukakosea hesabu yake. Vijisanduku viwili kwa wiki, miaka minne. Mia nne na hamsini kila kimoja.

Shilingi laki moja, themanini na saba elfu, na mia mbili.