Dionis Masolwa na Ramani ya Moto

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, Yoramu, mwenzake wa kazi, niwasomee maisha ya ndugu yetu.

Marehemu Dionis Masolwa alizaliwa Lusu, Nzega, tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa tatu wa mzee Masolwa, aliyebeba mizigo njia ya Ujiji enzi za ujana wake, Dionis akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1948 akaajiriwa kuwa mlinzi wa misitu. Tarehe 6 Julai 1957 alifunga ndoa na Eustadia, wakajaliwa watoto watatu, Sylvester, Benedikta na Apolinaria.

Kila kiangazi alitembea porini kwa miguu, akiwauliza wafugaji na warina asali moto ulipita wapi, akachora ramani, akapaka penseli nyekundu kila mahali ulipozoea kupita, na Agosti 1974, tulipoamriwa kuhamia kijijini, aliona nyumba zetu zote zimepangwa ndani ya wekundu ule, kando ya barabara. Aliipeleka ramani kwenye kamati ya kijiji, akaomba tujenge ng'ambo ya mbuga, ama basi nyumba ziachane na tufyeke mkingamoto, ukanda mtupu usio na nyasi, upande wa mashariki. Mwenyekiti wetu, Lugembe, hakumdharau, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kule lori halifiki, Dionis, na siku nilizopewa zimebaki kumi." Dionis akajenga palipopangwa, kama sisi, kwa kuogopa kuonekana mpinzani, na hilo hakujisamehe kamwe.

Tarehe 23 Septemba 1975, saa saba mchana, upepo ulileta moto kutoka mashariki, nyumba arobaini na moja zikateketea, na Apolinaria, mwenye miaka tisa, aliyekuwa amelala na homa, akafia ndani, huku baba yake akiungua mikono yote miwili kwa kubomoa ukuta amtoe.

Mei 1976 mkutano wa kijiji uliipitisha ramani, tukanyoosha mikono wote, Lugembe akalia mbele yetu, lakini watu walikuwa wamechoka kuhama, na nyumba mpya zilikwisha kusimama juu ya majivu yale yale. Dionis alifyeka mkingamoto peke yake misimu miwili, kwa vidole visivyokunjika, na Eustadia alipomsihi apumzike alimjibu, "Nikikaa, namsikia mtoto anaita."

Kifua kilimwanza Februari 1978, akalazwa hospitali ya mkoa Tabora mara mbili, akafariki tarehe 19 Agosti 1978, saa nne asubuhi. Jana nilipita kwenye mkingamoto, nyasi zimefika kiunoni, na hakuna aliyejiandikisha kuzifyeka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tabora waliomhudumia, wenzake wa misitu, na ninyi majirani mliochimba kaburi.

Dionis, pumzika sasa, Mungu akupe amani ambayo sisi tulishindwa kukupa.