Mahindi ya Mwalimu Elimringi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Elimringi wa Endamarariek, wilayani Karatu. Tumemzika wiki hii. Alizaliwa Kilimanjaro, akaja Endamarariek akiwa kijana, na kwao hakurudi tena ila kwa kusalimia.

Vyuoni kuna falsafa ya elimu isemayo kwamba wazo hupimwa kwa matokeo yake, na mtoto hujifunza kwa kutenda. Mwalimu aliisoma, akafaulu mtihani wake, akaisahau. Aliyemkumbusha ni mtoto.

Siku hiyo alikuwa ameandika ubaoni: mahindi yapandwe kabla ya mvua. Msichana wa darasa la sita, Monika, akanyoosha kidole. "Mwalimu, umejuaje?"

Mwalimu akatazama ubao, akatazama kitabu. Yeye alijua kwa sababu kitabu kilisema. Kitabu nacho kilijuaje? Swali lile likamwasha kama upupu.

Basi akaligawa shamba la shule. Sehemu moja wanafunzi wapande kabla ya mvua, kama alivyofundisha. Sehemu ya pili wangoje mvua itulie, kama wafanyavyo wazazi wao.

Lakini shamba lile, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililotoa makande ya mchana. Likikosa, watoto wanashinda njaa. Mzee Patrisi, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaja juu. "Kulima tunawafundisha nyumbani. Ukitaka kujaribu, nenda Kilimanjaro ukajaribu kwenye migomba ya baba yako." Wazazi wakacheka, kisha wakaweka sharti: makande yakipungua, Mwalimu aombewe uhamisho.

Mvua ikaja. Mahindi ya Mwalimu yakachipua mapema, naye akatembea kwa maringo. Halafu mvua ikakata. Yakanyauka, yakafa karibu yote. Iliporudi na kutulia, sehemu ya wazazi ikapandwa, ikastawi.

Mjane wake, Mama Raphael, anasimulia: "Nilimwambia, Baba Raphael, pandia mengine, nani atajua? Akasema, watoto watajua. Wao ndio wanaopima."

Kikao cha wazazi kikafika. Mwalimu akamwita Monika asome matokeo. Msichana akamnong'oneza, "Mwalimu, watakuhamisha."

"Soma tulichokiona."

Akasoma. Sehemu ya Mwalimu imekufa. Sehemu ya wazazi imezaa.

Mzee Patrisi akakunjua mgongo. "Basi tumemaliza. Mwakani shamba lote linapandwa kama ninavyopanda mimi."

Monika alikuwa bado amesimama. "Shikamoo, babu. Tumeona mvua ya mwaka huu tu. Ya mwakani umeijuaje?"

Mzee Patrisi akamtazama mtoto, akamtazama Mwalimu, akakuna kichwa. "Huyu ananihoji kama hakimu," akasema. "Na mbaya zaidi, sijui. Mwalimu, huhami mpaka nijue."

Ndivyo Mwalimu Elimringi alivyobaki Endamarariek. Mahindi yaliyopungua wazazi walichangia, wakinung'unika. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Mzee Patrisi kuchekwa: mvua kubwa ilisomba mbegu zake, na mahindi ya Mwalimu yalikuwa tayari yameshika mizizi. Mzee hakununa. Alikuja na wazo la tatu la kujaribu.

Monika sasa ni mwalimu katika shule ileile. Shamba bado linagawanywa. Juzi makaburini aliuliza wafanye nini na sehemu ya Mwalimu. Mzee Patrisi akaegemea mkongojo wake.

"Msiipande kwa kumwonea huruma," akasema. "Ipandeni tuone."

Watu wakacheka huku wakifuta machozi.

Mama Raphael, watoto, na ndugu wa Endamarariek na Kilimanjaro, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tafakarini mambo mnayowafundisha watoto. Mangapi mmeyajaribu wenyewe? Na mtoto akikuuliza leo, "Umejuaje?", usitafute kiboko. Tafuta jembe, mwende mkaone.