Ukurasa wa Baba

Ndani ya gari la abiria, muuza maziwa alifumba macho kama aliyelala, ili asikie vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu alikuwa akimwonyesha fundi cherehani kitabu anachofikiria kusoma na darasa zima. "Kitamu, lakini baba humu ni mlevi. Nina mwanafunzi wa nyumba kama hiyo. Tukisoma kwa sauti, wenzake wote watamgeukia."

"Si humo atapata mwenzake, mwalimu?"

"Mwenzake wa karatasi, dada. Wa kumcheka wana meno."

Muuza maziwa nusura acheke, akakumbuka kuwa amelala.

"Basi ukurasa wa baba usome wewe mwenyewe."

Gari likasimama. Mwalimu akakifunga kitabu. "Nimejaribu nyumbani, peke yangu. Sauti imegoma."

Kituo kilikuwa cha muuza maziwa, ila macho hakuthubutu kuyafumbua, mwalimu asije akajua kuwa amesikia.