Cherehani Zilizonyamaza Saa Kumi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Mtaani mlimwita Mama Saa Kumi. Ametutoka Jumanne hii, akiwa na miaka sabini na mmoja. Mama Saa Kumi, mshonaji wa sare.

Alianza na cherehani moja ya kukanyaga, barazani. Baada ya miaka tisa alikuwa nazo kumi na nne, ndani ya chumba kirefu chenye madirisha ya bluu. Alitaka makubwa, wala hakuficha. Mtoto akipita mlangoni, alimtupia jicho mara moja tu: "Kifua ishirini na sita, mabega kumi na mbili." Hakosei.

Ikaja asubuhi ya kufungua shule. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na miaka minane. Mama alimshonea gauni kwa kukadiria, maana siku hizo alitoka mtoto amelala, akarudi mtoto amelala. Gauni likakwama mabegani. Mama akavuta. Mshono wa kwapa ukaachia.

"Mama," mtoto akasema, mikono bado iko juu, "hili ni la mimi wa mwaka juzi."

Vipimo vya watoto wa shule nne alivijua kwa kichwa. Vya wa kwake hakuvijua. Alichukua futi yake, akampima polepole, kola mpaka pindo. Na siku hiyo, saa kumi kamili alasiri, akasimamisha cherehani zote.

"Lakini mwanga bado upo!" mafundi wakashangaa.

"Hata nyumbani kwangu upo," akajibu.

Ikawa hivyo miaka thelathini na minane. Saa kumi, mlango unafungwa.

Mwaka mmoja tu baada ya asubuhi ile ya gauni, alikuja mnunuzi wa hospitali kubwa. Alitaka sare za wauguzi wote, ila mafundi washone mpaka usiku. Kaka yake Mama Saa Kumi alikuwepo, akanong'ona mtaa mzima ukasikia: "Dada, acha ujinga. Mtoto hakimbii!"

"Anakimbia, kaka. Amekimbia inchi tatu mimi sijaona."

Kazi ikaenda kwa jirani. Jirani akajenga ghorofa, kivuli chake kikaangukia yale madirisha ya bluu. Mafundi watatu wakahamia huko. Watu wakasema huyu mama amejifungia riziki.

Binti yake anasimulia: "Nilimuuliza, mama, wewe hukutaka ghorofa? Akasema, 'Nililitaka sana. Mpaka leo nalitaka. Haya, geuka nikupime.' Alinipima kila mwisho wa mwezi, hata nilipoacha kurefuka. Wiki iliyopita nilimpima mimi, nimshonee gauni la kulalia. Sauti imekwisha, lakini akaniambia: 'Usikadirie.'"

Pole sana binti, poleni mafundi. Pole na wewe kaka mtu, uliyetuomba tuseme hewani kwamba bado unaamini dada yako alikosea. Tumesema. Yeye angecheka, kisha angefunga mlango.

Nawe uliye kazini, unayehangaika kwa ajili ya familia: mwanao anavaa kiatu namba ngapi leo? Usipige simu kuuliza. Nenda ukapime.

Saa ya ukutani hapa studioni inagonga kumi. Mwanga bado upo. Tunazima.