Kofia Ikae, Wewe Nenda

Pale kona, mbele ya fundi viatu, kuna benchi lenye sheria moja tu: ukinyanyuka katikati ya hoja, acha kofia yako ulipokaa. Nafasi haiguswi, na ukirudi unaendelea na neno lilelile uliloishia. Asubuhi ile Mama Kichanga alijibanza pembeni, mtoto mgongoni, kompyuta mapajani, roho mkononi, maana mchana ofisi iliyomchukua kwa majaribio ilitaka kuuona mchezo wa kompyuta aliouunda, wa soko, ukienda, na mchezo umeganda, na kazi hii ikimponyoka hajui ataanzia wapi tena.

Aliwaeleza wenzake wa benchini kwa pumzi moja. Kila mteja wa sokoni ni kitu kinachojitegemea, kina kikapu chake, njaa yake, miguu yake, na wote wametoka kwenye darasa moja la programu liitwalo Mteja, lakini mmoja akikaa tu kusubiri chai, soko zima linasimama, hata kuku wanabaki na mguu mmoja hewani.

— Darasa moja, basi huo ni mgomo, alidakia Shahidi, mtu ambaye hakuna jambo lililowahi kutokea duniani yeye hayupo. Sisi shuleni alichapwa mmoja, tukasusa masomo wote. Umoja ni nguvu, dada'ngu.

— Mgomo wa kuku? Breki, dereva mstaafu, alitikisa kichwa. Hiyo ni heshima, mwanangu. Mwenzao kakaa, wao watapitaje? Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Methali hiyo Breki alikuwa akiipachika kila mahali tangu kahawa ya kwanza, na haikuwa imekaa sawa hata mara moja.

Shahidi akasema heshima gani, kompyuta yenyewe ndiyo inayotamani chai. Breki akaona hapo pana ukweli, kwani hata lori lake lilikuwa likizima kila lifikapo hotelini.

— Nikaja kugundua kwamba injini…

Kinyozi wa ng'ambo akamwita, simu yake imejaa chaji. Breki akavua kofia, akaiweka benchini, akaenda. Shahidi akahamia kwenye habari za mpira bila hata kumeza mate. Akaja mwanamke mwenye kiatu kilichong'oka kisigino, akaonyeshwa pa kukaa, mbali na ile kofia. Mara Breki huyo, karudi.

— …nayo ina tumbo.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja.

— Samahanini. Huyu alikuwa hajamaliza kusema. Mbona hamkunyamaza kumsubiri?

Breki aliinua kofia yake, akasema hiyo ndiyo sheria.

Mama Kichanga aliitazama ile kofia, kisha kompyuta. Yeye alikuwa ameandika "subiri", na aliyelala si mteja, ni programu nzima. Kwenye mwongozo aliliona neno la Kiingereza "yield", akaliruka, maana kwenye somo la kilimo walifundishwa kwamba hayo ni mavuno, na soko lake halina shamba. Kumbe ni kupisha. Mteja anaacha kofia, anawapisha wenzake, mstari alioishia unakumbukwa, na chai ikiiva anaitwa, anaendelea palepale.

Akabadilisha mstari ule. Kuku akashusha mguu. Soko likatembea, mteja amekaa anasubiri na hakuna anayemjali, kisha chai ikaja, akanywa, akanyanyuka na kikapu chake. Mama Kichanga alicheka hadi mtoto akaamka.

Safari hii methali ya mgeni ingekaa kweli, ila Breki alikuwa ameshazama kwenye tumbo la injini.

Mama Kichanga alifunga kompyuta, akamvua mtoto kikofia chake, akakiweka benchini alipokuwa amekaa.

— Nakuja, alisema, akashika njia ya ofisini.

Wakasogea wakikipisha kile kikofia.