Salamu za Nduku wa Kyuso

Benchi yetu iko mbele ya kibanda changu cha kushona viatu hapa sokoni Matinyani. Ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mawe, na ukikaa vibaya kitasa kinakuchoma. Jumapili baada ya kanisa tunakaa hapo mimi, Ripota na Betri, na Mama Ben anatumiminia kahawa. Ripota ni Nyamai. Hakuna jambo limewahi kutokea Kitui hii ambalo hajui lilianzia wapi. Betri ni Mulwa, na hilo jina nitalifikia. Jumapili hiyo kulikuwa pia na mgeni, Waithera, mama wa kutoka Murang'a aliyefungua duka la dawa ng'ambo ya barabara wiki mbili zilizopita. Alikuja na kikombe chake mwenyewe. Mama Ben hakupenda, lakini alikijaza.

Redio ya simu yangu ilikuwa inaongea. Redio Itumo ilikuwa inatimiza miaka ishirini, na Dada Kavata, yule wa kipindi cha salamu tangu mwaka wa kwanza, alikuwa anastaafu siku hiyo hiyo. Kijana mmoja wa studio akasema Dada Kavata atasoma salamu zake za mwisho mpaka saa kumi, kwa hivyo anayemkumbuka apige, na aliye na salamu azitume. Akasoma namba. Hakuna aliyegusa simu, kwa sababu Ripota alikuwa ameshaanza.

— Mtangazaji wa kwanza kabisa hakuwa Kavata. Alikuwa Munyao wa Vifo.

— Huyo wa matangazo ya asubuhi? akauliza Mama Ben.

— Huyo. Kama marehemu ni mtu anamjua, anakohoa kwanza, ndiyo asome jina.

— Si alikuwa anakohoa kila siku?

— Basi alikuwa anajua watu wengi.

Mama Ben akasema Munyao alikuwa na kifua tu, na kwamba kipindi cha kwanza kilikuwa cha mbuzi waliopotea. Mtu anaeleza mbuzi wake, rangi na masikio, na yule mtangazaji anauliza tabia yake ikoje. Mbuzi wa dada yake alipatikana hivyo, kwa tabia.

— Na huyu mnamsikia leo si Kavata, akasema Ripota.

— Asi. Ni nani sasa?

— Kavata mwenyewe aliolewa kule Nuu mwaka wa pili. Huyu walimleta wakamfundisha ile sauti.

— Nyamai, sauti haifundishwi. Kunywa kahawa.

Kwenye redio Dada Kavata akacheka kidogo, vile anavyocheka kabla ya kusoma jina. Mulwa alikuwa ameinama anasikiliza. Kijana akarudia namba.

— Hata hizo salamu za mwanzo, akaendelea Ripota, zilikuwa za kutunga. Redio haina hata mwezi, nani angetuma kadi? Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la mbegu. Kavata yule wa kwanza alikuwa na saa nzima ya kujaza. Alichukua rejista ya shule yake akaanza kusalimia watu kutoka juu kwenda chini.

— Si wote, akasema Mulwa.

Hapo ndipo nifikie lile jina. Mwaka wa kwanza wa Redio Itumo, kila Jumapili saa tisa na kitu, Dada Kavata alikuwa anasoma: Nduku wa Kyuso anamsalimia Mulwa wa Matinyani. Jumapili thelathini na moja. Mulwa alikuwa na redio ndogo ya betri mbili, na Jumamosi alikuwa anazianika juu ya mabati ili zipate nguvu ya kumfikisha hapo. Mtaa wote ulizijua betri za Mulwa. Mwaka wa pili ulipoingia salamu zikakoma. Mulwa hakuoa, na ukimuuliza atakwambia bado anapanga.

— Wewe ulikuwa kwa rejista tu, Betri, akasema Ripota. Herufi M.

— Rejista haijui sweta.

— Sweta gani? akauliza Waithera, yule mgeni.

Mulwa akamgeukia, kwa sababu sisi wengine tulishaisikia hiyo habari.

— Nilikuwa na sweta ya kijani, mama. Siku moja ilisomwa, Nduku wa Kyuso anamsalimia Mulwa, anayevaa sweta ya kijani hata jua likiwaka. Sasa hiyo mtu anatunga aje? Huyo alikuwa ameniona. Nilikuwa napeleka ndengu soko la Kyuso na hiyo sweta.

— Basi ni Kavata mwenyewe alikuona, akasema Ripota. Nduku ni Kavata.

— Si umesema Kavata si Kavata? akauliza Mama Ben.

— Yule wa kwanza. Alikutaka, ukanyamaza, akaolewa Nuu. Ndiyo maana salamu zikakoma mwaka wa pili. Hesabu mwenyewe.

Ripota alikuwa amefurahi. Mimi namjua, hiyo alikuwa ameitunga hapo hapo benchini. Lakini Mulwa alikishika kitasa cha ule mlango kwa mkono na uso wake ukabadilika.

— Nduku alikuwa Nduku, akasema. Mimi nilikuwa mwaminifu kwake. Jumapili hata moja sikukosa. Mvua ikinyesha nilikuwa nashikilia waya wa antena nje mpaka amalize. Hata nikiwa na malaria. Hakuna mtu alisikiliza salamu zake vile mimi nilizisikiliza.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Waithera akaweka kikombe chake chini.

— Na yeye alijuaje, mzee?

— Alijuaje nini?

— Kwamba unasikiliza.

 Mulwa akamwangalia Ripota, na Ripota, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaangalia viatu vya watu ninavyorundika pale chini. Mama Ben akainua birika aongeze kahawa, yakatoka matone mawili na mashapo ya kahawa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na huyu mtu miaka yote hiyo, nimemcheka na betri zake, na hilo swali halijawahi kunijia. Niliona aibu.

Dada Kavata akasema amebakisha salamu mbili tu. Akasoma ya kwanza, ilikuwa ya mtu wa mji wa Wote kwa shemeji yake.

Mulwa akatoa simu mfukoni. Akaipangusa kwa shati, akaisogeza mbali na macho, kidole kikiwa tayari.

— Ile namba, akasema. Ilikuwa ngapi?

Tuliangaliana. Ilikuwa imesomwa mara sita. Dada Kavata akasoma ile ya pili, akaaga, na saa kumi ikagonga, taarifa ya habari ikaanza. Mulwa alikuwa bado ameshika simu, anangoja mmoja wetu amtajie.