Sukari ya Haron

Nyuma ya soko la Kangemi, pale mtaro unapokata kona, kuna benchi refu lililotoka kanisani. Kanisa lenyewe liligawanyika: mchungaji mmoja akaondoka na vipaza sauti, mwenzake akaondoka na kwaya, na benchi likabaki halina dhehebu mpaka Millicent akalibeba, akaliweka mbele ya jiko lake la kahawa. Wenye benchi siku hizi ni wawili. Mzee Mbuthia, mwenye vyumba vya kupangisha, anaitwa Taito kwa sababu hatembei bila taito, hati ya shamba, ndani ya koti. Were anaitwa Agrovet. Aliuza dawa za kuku kwenye duka la agrovet miezi miwili, akafutwa, na tangu hapo amekuwa daktari wa kila kitu chenye damu. Ijumaa hiyo, saa kumi na nusu, Nasimiyu alikuja akakaa ukingoni, mkoba ameukumbatia tumboni, na hakuagiza kahawa. Wakajua pana habari.

— We Nasimiyu, hata salamu? Millicent akauliza.

— Nawasalimu. Milli, mtu akikufa, mwandiko wake pia unakufa?

Birika likasimama hewani.

— Ngai! Taito akasema. Hiyo ni swali ya saa kumi kweli?

Nasimiyu hakucheka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefanya kazi Spring Valley kwa Mama Njambi, mjane. Benchi zima lilimjua huyo mama bila kumwona, maana Nasimiyu alikuwa na mdomo mwepesi. Walijua mumewe, Haron, aliuawa na ugonjwa wa sukari, na jinsi alivyokuwa akificha mandazi ndani ya gamubuti na kukataa sindano kama mtoto. Walijua mjane alinunua paka mwekundu, mnene, akamwita Haron, na paka naye akashikwa na sukari. Hapo ndipo walipocheka mpaka Agrovet akamwaga kahawa.

Kule nyumbani kazi iligawanywa hivi: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni paka alikula, Mama Njambi akamtoboa sikio, akatia tone la damu kwenye mashine, akasoma namba. Nasimiyu, ambaye mkono wake hautetemeki, akamdunga yuniti mbili za insulini. Mama akaandika daftarini: saa, namba, yuniti. Mpaka mama mwenyewe akalazwa, akamvuta Nasimiyu karibu na mto, akamwambia, "Huyu Haron usiache afe na sukari. Mmoja alinitosha." Wiki tatu zilizopita wakamzika. Binti yake, Jackie, alikuwa anarudi kutoka ng'ambo Jumapili.

— Mimi nimekuwa nikidunga, Nasimiyu akasema. Lakini kupima sipimi. Kutoboa sikio siwezi, naona kama namtoboa mtu. Kwa daftari naandika saa na yuniti, hapo kwa namba naacha wazi.

— Si hiyo iko sawa? Agrovet akasema. Dawa ni dawa.

— Ngoja, Agrovet. Jumatatu nafungua mlango asubuhi, daftari imeshaandikwa. Saa, namba, yuniti mbili. Mwandiko ya mama. Ile saba yake ya kukatwa katikati, ile ile.

— Ulidunga?

— Ningedungaje? Kama ameshadungwa nikiongeza, namuua. Nikaacha. Jioni naingia, imeandikwa. Jumanne hivyo. Wiki yote hivyo.

Millicent akajikuta amekaa juu ya debe la maji, jambo ambalo hulifanya tu wakati wa matanga.

— Ni soja, Taito akaamua. Yule Musili wa geti. Ako na ufunguo, anataka Jackie akifika aambiwe soja ndiye alitunza paka. Mimi najua wapangaji, watu wa funguo nawajua.

— Mzee, kufuli nilibadilisha Jumanne. Ufunguo ni mmoja, naoga nao.

— Basi ni paka, Agrovet akasema.

— Paka anaandika?

— Sikia kwanza! Mnyama akidungwa kila siku saa ile ile, mwili unajifunza. Mimi nilikuwa na jogoo wa chanjo, siku ya sindano alikuwa anajileta mwenyewe, anainua bawa.

— Na alikuwa anaandika saba yenye mkato?

— Alikuwa jogoo, Milli. Wacha madharau.

Taito alikuwa ametoa hati yake, anaikunja na kuikunjua, kama afanyavyo akipata wazo kubwa.

— Si paka, na si soja. Ni mwenyewe, Haron wa kwanza. Alikataa sindano akiwa mzima, saa hii anaona paka amepewa jina lake, amepewa bibi yake, amepewa na dawa yake. Ungekuwa wewe ungelala?

— Mzee, mwandiko ni ya mama!

— Bibi na bwana wakikaa miaka arobaini, mwandiko wanagawana.

Kwa kawaida hapo wangecheka. Millicent akasema polepole:

— Mimi naona mama hajaondoka. Anangoja Jackie. Wewe uliacha hiyo nafasi ya namba wazi, na yeye hakuwahi kuacha nafasi wazi. Amerudi kujaza.

Nasimiyu akaukaza mkoba tumboni, maana hilo ndilo alilokuwa akilikimbia tangu Jumatatu.

— Jana jioni nikafanya ujanja, akasema, sauti chini. Nikabeba mashine na dawa nyumbani. Dawa hii, kwa flaski ya barafu. Mashine hii hapa, ililala chini ya mto wangu. Nikasema, hebu nione itaandikwa nini.

— Na ikaandikwa?

— Kumi na moja nukta nne. Yuniti mbili.

— Afadhali! Agrovet akapiga goti. Basi ni kuandika tu. Bila dawa nani atadunga? Kumbe huyo paka wiki mzima hajapata kitu, anakauka hivi hivi. Leo saa kumi na mbili mpige nne, mlipe zile zimepita.

— Nne utamuua! Taito akafoka. Mpige moja, uone.

— Mzee, wewe ulisomea wapi?

— Na wewe si ulifutwa kwa kuku!

Walipokuwa wakigombana hivyo, mwanamke mmoja mnene wa makamo alikuwa amesimama kando akingoja kikombe. Nzula, jina lake. Alikuwa amehamia ploti ya nyuma juzi tu, na kahawa yake huitaka chungu, maana na yeye ana sukari mwaka wa tisa.

— Samahani, sikutaka kuingilia, akasema. Dada, leo huyo paka amekula?

— Hajagusa. Tangu asubuhi sahani iko vile vile. Adhuhuri alikuwa anatembea kama amelewa, akaenda akalala chini ya kiti ya mama.

Nzula akanyoosha mkono.

— Lete hiyo mashine. Hizi huwa zinaweka kumbukumbu.

Akabonyeza mara mbili. Wote wakainama kwenye kioo kidogo. Kumi na moja nukta nne. Tarehe ya leo. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane, asubuhi.

— Ililala chini ya mto wako? Taito akauliza, na safari hii hakuwa akibishana.

— Chini ya mto wangu.

Nasimiyu akafungua flaski. Jana jioni, kabla ya kuibeba chupa, alikuwa ameitia alama ya kalamu pale dawa ilipofika. Akaiinua juani. Dawa ilikuwa chini ya alama yake.

Hapakuwa na wa kusema jogoo tena. Nzula akawatazama mmoja mmoja, kisha akauliza, si kwa ubaya, kama mtu anayeuliza njia:

— Sasa hivi, huyo paka ako na nani?

Taito akarudisha hati kotini. Nasimiyu akaugusa ufunguo shingoni, ule mmoja.

Mashine ikalia. Tii. Haikuwa na kijiti cha kupimia, haikuwa na damu, ilikuwa imelala juu ya benchi peke yake, hakuna aliyeigusa. Kioo kikawaka. Mbili nukta nne.

— Imeshuka! Agrovet akasema. Amepona?

— Nyamaza! Nzula akamshika Nasimiyu mkono. Hiyo ni ya kuzimia. Hiyo ni ya kufa. Amedungwa na tumbo iko tupu. Huyo anamdunga anafuata saa, haangalii sahani. Dada, amka! Kuna asali?

Millicent akanyakua chupa ya asali anayotilia kahawa ya wenye mafua.

— Mpake kwa ufizi, kidogo kidogo kwa kidole, Nzula akasema huku akimsukuma. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Akiamka umpe chakula. Na jioni hakuna kudunga! Ukiwa njiani pigia daktari wa wanyama, mwambie ni mbili nukta nne.

— Ataniuliza nilipima saa ngapi, nitamwambia nini?

— Mwambie saa hii!

Nasimiyu akaruka juu ya bodaboda ya kwanza iliyopita, asali mkononi, kiatu kimoja kimebaki mtaroni. Mkoba, flaski na mashine aliviacha pale pale. Hakuna aliyevigusa. Taito alijisogeza, akasogea tena, mpaka akawa anakalia ncha ya benchi. Birika lilikuwa limekwisha na hakuna aliyelalamika.

Ikapita robo saa. Ikaongezeka kidogo.

Tii.

Walitazamana. Ni Nzula aliyeinama kusoma, mikono ameificha nyuma.

— Tatu nukta tisa. Inapanda.

— Nasimiyu amefika, Millicent akasema.

Wakakaa wote wanne wakiitazama ile mashine, wakingoja inayofuata.